Kikompyuta cha Njoroge

Jumatatu, 10 Juni 1996

Insha arobaini na mbili za Darasa la Sita. Nimesahihisha kumi na nane nikachoka. "Siku nitakayoikumbuka." Karibu wote wameandika harusi au Krismasi. Mmoja kaandika ng'ombe wao alivyozaa, na mkono wa babake ulivyoingia ndani mpaka kiwiko. Huyo nimempa alama nyingi.

Baridi ya Ruiru imeanza. Nimeweka jiko la makaa chini ya meza, karibu na miguu.

Leo ni miezi minne tangu tumzike Njoroge. Sijalia. Naandika hivyo kwa sababu ni habari.

Kikompyuta chake bado kiko juu ya kabati. Nikikiwasha kinalia "ti" mara moja, basi. Skrini nyeusi. Wakati wa matanga mtu alikiwekea sufuria ya wali wa moto mgongoni. Sijui ni nani, na afadhali nisijue.

Jumatano, 12 Juni

Niandike vizuri, maana kichwa changu siku hizi hakishiki kitu.

Njoroge alikuwa fundi wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha vyakula pale Eneo la Viwanda, Thika. Miaka ya themanini walikuwa wakiunganisha hiki kikompyuta kwa waya na mizani, kinasoma uzito wa makopo, kisha kinaupeleka kwa printa. Ukubwa wake ni wa daftari la hesabu, unene wa Biblia. Mashine mpya zilipokuja wakakitupa. Njoroge akakileta nyumbani kimefungwa ndani ya ovaroli kama mtoto.

Kila jioni baada ya chakula alikaa nacho hapa mezani, akibonyeza kwa kidole kimoja. Sikumuuliza anaandika nini. Miaka ile ya mwisho kulikuwa na mambo mengi sikumuuliza.

Hakina diski. Yote aliyoandika yamo tumboni mwake, yanashikiliwa na betri. Macho yamekufa, tumbo liko hai. Kwa muda gani, sijui.

Nataka kujua kama alikufa amenikasirikia. Hilo tu. Nimeshaliandika, sasa nitengeneze chai.

Jumamosi, 15 Juni

Thika. Nimekipeleka ndani ya kiondo kwa Athmani, fundi wa redio karibu na msikiti. Baba Mnubi, mama Mkamba, mwenyewe husema yeye ni mtu wa Majengo, maswali yaishe. Walikuwa marafiki na Njoroge, wakiazimana vifaa na kurudisha vingine.

Alikisalimia kikompyuta kabla yangu. "Kumbe hii mzee bado iko." Halafu akakumbuka. "Pole sana, Mama Nyambura."

Amekifungua. Betri ya ndani, ndogo kama kifungo cha shati, imekufa kitambo. Zile nne za nje zimeota kutu ya kijani. Anasema hajui ni kwa rehema gani kimefika Thika kikiwa hai. Amekiunganishia adapta ya stima, na pembeni akafunga betri nne kubwa za tochi kwa kipande cha mpira wa baiskeli, stima ikipotea zishike.

"Sasa sikia, mwalimu. Hii waya ikitoka na hizi betri zikiteleza, kila kitu imeenda. Haitarudi. Wewe usiibebe. Kuibeba ni kazi yangu."

Ameniambia mara mbili. Naandika hapa nisije kusema sikuambiwa.

Skrini haipatikani, zilikoma kutengenezwa. Lakini mgongoni kuna tundu la pini ishirini na tano, lile lile lililokuwa likiongea na mizani. Kinachoweza kuongea na mizani kinaweza kuongea na kompyuta nyingine. Tutafute kompyuta kubwa yenye tundu la namna hiyo, tuziunganishe, maneno ya Njoroge yapite kwenye waya yatokee upande wa pili.

Nimetoka nikiwa na njaa. Nimekula samosa mbili nimesimama. Kitu cha kwanza kunipendeza mdomoni tangu Februari.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nimemwomba Wangeci. Ana ile ofisi ya kuchapa barua karibu na soko. Kompyuta moja, printa moja, na mdomo mmoja unaotosha watu sita. Amekubali mara moja. "Aki mwalimu, si ya Baba Nyambura? Kujeni tu."

Wasiwasi wangu ni huo mdomo. Wangeci husoma kwa sauti kila anachochapa. Ruiru nzima inajua nani ameomba kazi wapi na nani ameandikiwa barua na wakili. Sina njia nyingine.

Jumamosi, 22 Juni

Athmani amekuja na kikompyuta amekipakata mapajani kutoka Thika. Kimewekwa mezani kwa Wangeci, adapta ukutani. Waya tuliotumia ni ule wa Njoroge mwenyewe, nilioupata kwenye sanduku lake pamoja na kitabu cha maelekezo cha fotokopi.

Kuanzia saa nne mpaka saa saba. Hakuna kitu. Nabonyeza herufi hapa, Wangeci anatazama skrini kule. "Bado." Nabonyeza. "Bado." Kufika mara ya thelathini nilitaka kumpiga.

Athmani akachomoa waya, akaupima pini kwa pini, akaanza kucheka peke yake. Waya ule ulikuwa wa printa. Umenyooka. Kikompyuta kinaongea kwenye pini ya pili, na kompyuta kubwa nayo inaongea kwenye pini ya pili. Zote zinasikilizia ya tatu. "Ni mdomo kwa mdomo, mwalimu. Sikio kwa sikio. Hii mashine mbili zinaongea, hakuna hata moja inaskia ingine." Lazima waya ukatwe, ya pili ya huku iende ya tatu ya kule.

"Hii mashine mbili." Ulimi uliniwasha nimrekebishe. Nikaumeza.

Kifaa chake cha kuchomelea kimebaki Thika. Atarudi Jumatatu. Kikompyuta kimelala kwa Wangeci. Sipendi.

Jumatatu, 24 Juni

Saa kumi na nusu nimetoka shule moja kwa moja. Athmani alikuwa ameshazipishanisha zile waya.

Nikabonyeza a. Kwenye skrini ya Wangeci kikatokea kidudu, kama herufi iliyokanyagwa. Wangeci akapiga makofi. Athmani akasema bado, hii ni kasi. Mmoja anaongea haraka, mwingine anasikiliza polepole. Akabadilisha kasi upande wa kompyuta kubwa, akianza na ya chini kabisa, akipanda. Kila hatua mimi a, na kila mara kidudu kingine.

Ya tatu: a.

Herufi moja. Safi. Nikaandika Njoroge, bila kuona ninachoandika, na lile jina likatokea upande wa pili wa meza, herufi baada ya herufi. Nikatoka nje nikasimama karibu na wauza viatu. Nimelia pale, watu wakinipita. Hakuna aliyeuliza. Nawashukuru.

Jumanne, 25 Juni

Nilidhani kazi imeisha. Kumbe.

Kitabu kinasema ili faili itoke unaandika SEND, kisha jina la faili, kisha unabonyeza ENTER. Jina lisizidi herufi sita. Ukikosea kinalia mara mbili. Orodha ya majina ipo, lakini hutokea kwenye skrini yake tu, ile nyeusi. Kwa hiyo lazima nijue jina alilotumia.

BARUA. Kimelia mara mbili. Nilikuwa na hakika. WANJIR, kwa kuwa jina langu Wanjira halitoshei. Mara mbili. NYAMBU ya binti yetu, aliye shule ya bweni. MAMA. SIRI. RUIRU. THIKA. KAZI. MIZANI. Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Mlio huo nimeuchukia kuliko kengele ya shule.

Athmani akasema kwa upole: "Andika vile yeye angeandika, mwalimu. Si vile wewe ungeandika."

Nilikasirika. Nimemwambia mimi niliishi na Njoroge miaka kumi na sita. Akafunga begi lake. Alikuwa amesema kweli tupu na ndiyo maana ilichoma.

Jumatano, 26 Juni

Siwezi kuendelea kuandika nikiruka hili.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Nyeri, kozi ya walimu wa Kiswahili, wiki sita. Njoroge aliniandikia barua. Nyumbani tunaongea Kikuyu. Hakuwa na haja ya kuhangaika na Kiswahili. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nikipendacho. Ukurasa mmoja na nusu. Na kama watu wengi wa kwetu, l ilimshinda. "Mpenzi, ninakukumbuka nikirara."

Niliisoma kwa sauti bwenini. Kitandani kwangu, kalamu nyekundu mkononi, walimu kumi na wawili wamenizunguka. Nikirara. Tulicheka mpaka mmoja akaanguka kitandani. Niliipigia mstari, nikaipa alama saba kwa ishirini. Nilifurahi kwamba nachekesha. Niandike hivyo hivyo, nilifurahi.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa mke wa mtu wa kiwandani kwao. Niliporudi Ruiru, Njoroge alikuwa ameshapewa jina. Kutoka lango la kiwanda mpaka stoo walimwita Nikirara. Miaka mitatu. Hata kwenye mazishi nilimsikia mtu nyuma yangu akisema, "maskini Nikirara."

Hakunigombeza. Hakununa, kununa kwake nilikujua, kulikuwa na mwisho. Huku kulikuwa kimya cha adabu. Mwanamke huyu ni mwalimu, tusimsumbue na maneno. Hakuniandikia tena hata kikaratasi. Na mimi sikuomba msamaha. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, kisha Februari akaanguka kazini na koti lake jeupe, na wiki zikaisha.

Alhamisi, 27 Juni

Asubuhi. Natafuta kiberiti. Nyuma ya mlango wa kabati la jikoni kuna karatasi ameibandika mwenyewe, vitu vya kununua, tangu Januari. Sijaitoa. Nimepita hapo siku mia na hamsini.

"Sukali. Mafuta. Dawa ya panya."

Sukali.

Nimekaa sakafuni. Si l iliyomshinda tena. Baada ya Nyeri aliiogopa r. Alijua kuna kosa mahali fulani kati ya zile herufi mbili, hakuwa na uhakika ni lipi, basi akaikimbia r kabisa. Popote aliposhuku akaweka l. Sukali. Mimi ndiye niliyemfunza.

Sasa najua jina la faili. Leo nina zamu shuleni mpaka jioni na Wangeci amefunga mapema. Kesho saa ya chakula.

Ijumaa, 28 Juni

Saa saba nilikuwa kwa Wangeci. Athmani alikuwapo, anajiandaa kwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Nikamwambia nimelipata jina. Akatabasamu. Akasema kama haraka imenishika nijaribu, ila nisichomoe kitu, nisihamishe kitu, mpaka arudi saa nane. Nikasema sawa.

SEND BALUA. ENTER.

Hakikulia. Kimya kidogo, kisha maneno yakaanza kumiminika kwenye skrini kubwa, mstari juu ya mstari. Sikuweza kuyasoma. Macho yalijaa.

Wangeci aliweza. Wangeci akasoma. Kwa sauti, kama kawaida yake, mlango wazi, wateja wawili kwenye benchi. "Wanjila mpenzi." Akacheka. Si kwa ubaya, najua si kwa ubaya. "Wanjila! Aki mwalimu, Wanjila?" Na mmoja kwenye benchi naye akacheka.

Nilisikia lile bweni. Sasa mimi ndimi niliyekuwa napigiwa mstari, naye Njoroge kwa mara ya pili.

Sijui nilisema nini. Najua nilimsukuma mkono. Nikachapisha karatasi moja, nikamwamuru aifute ile faili mbele ya macho yangu, naye akaifuta. Nikachomoa waya. Nikachomoa adapta. Nikatia kikompyuta kwenye kiondo na zile betri za tochi zikining'inia pembeni, nikaondoka mbio. Kwangu ni dakika kumi kwa miguu. Nilitumia tano.

Ndani, nikafunga mlango ndipo nikasoma. Ndipo nikaona barua ina mapengo. Si mapengo yanayoonekana. Maneno yamekatika na kuungana yenyewe, kama mfupa ulioungwa vibaya. Hapa herufi mbili hazipo, pale neno zima.

Nikasema moyoni, tutatuma tena. Nikageukia kiondo. Mpira wa baiskeli ulikuwa umeteleza, betri moja imelala upande peke yake chini ya kitenge.

Saa kumi nimekirudisha kwa Athmani, pale ofisini kwa Wangeci. Wangeci hakuniangalia. Athmani amekiwasha. Kimelia "ti" ya uchangamfu, kama kipya kutoka dukani. SEND BALUA. Kimelia mara mbili.

Athmani ameisoma karatasi kwa macho tu, midomo imefungwa, Mungu ambariki. Akanieleza. Kompyuta kubwa kila ilipojaza mdomo ilitulia kutafuna, na kikompyuta hakikujua, kikaendelea kumwaga maneno chini. Tulipojaribu kwa kidole herufi zilikuwa zinakwenda moja moja, hivyo hatukuona shida. Dawa yake ni waya mmoja zaidi, waya wa kusubiri. Wa huku unamwambia wa kule, ngoja kwanza. Kuuunga ni kazi ya dakika tano. Wa akiba alikuwa nao mfukoni, ameshaumenya ncha.

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumamosi, 29 Juni

Naiandika hapa kama ilivyo, kosa kwa kosa, ili karatasi ikipotea isipotee.

"Wanjila mpenzi. Naandika hapa kwa sabu hii mashine haina kalamu nyekundu. Umenda mkutawa walimu. Mvua ya Novemba inanyesha Luilu na mfeleji wa unavuja nitauziba. Sijui kuongea mamboyo hata kwa Kikuyu. Kuhusu ile balua ya Nyeli nataka ujue kusamehe. Siku ile nilikaa nje mpaka gikuingia ndani nikakuta umepika nikala. Nyambula anakua mlefu kama wewe. Mwambie mama mvua ya Machi ikianza nitakuja kupanda mahalagwe nimuone. Ni mi"

Hapo ndipo inakwisha.

Hata jina langu. Miaka kumi na sita ya kuniita Wanjira, akafika mahali pa kuliogopa.

Sijatoka nyumbani leo. Uji umeungua.

Jumapili, 30 Juni

Sikwenda kanisani. Wangeci yuko pale, na nina deni la samahani ambalo leo sina nguvu ya kulitoa.

"Nataka ujue kusamehe." Hakuna aandikaye hivyo, hata Njoroge. Kuna kitu kimeanguka kabla ya ku. Nawafundisha watoto jambo hili kila mwaka ubaoni, kwa chaki ya rangi. Mzizi haukwambii kitu. Nani, lini, ndiyo au hapana, vyote vimo mbele, kwenye viambishi.

Nimekusamehe.
Sijakusamehe.
Nitakusamehe.
Sitakusamehe.

Kila kilichoanguka hapo ni herufi nne. Vyote vinne vinaingia sawasawa. Nimeisoma barua kwa kila kimoja, na kila mara inaleta maana. Alikaa nje mpaka giza, akaingia ndani akala: huyo ni mtu aliyesamehe. Alikaa nje mpaka giza, akaingia ndani akala: huyo ni mtu ambaye hajasamehe.

Herufi zenyewe zilikuwapo Ijumaa, mezani kwa Wangeci, nzima, zinasubiri waya mmoja. Nilizibeba mwenyewe nikazimwaga njiani kwa sababu ya kuogopa kuchekwa. Yeye alichekwa miaka mitatu kwa sababu yangu, mimi nikashindwa kuchekwa dakika moja.

Sitajua. Nimeliandika hili ili niache kujidanganya kwamba kuna fundi mwingine mahali.

Alhamisi, 4 Julai

Nimempelekea Wangeci mkate na nimemwomba msamaha. Akalia kabla yangu. Akasema hajamwambia mtu. Nimeamua kumwamini.

Athmani ametuma salamu kwa mtu. Anauliza kama anaweza kukaa na kikompyuta. Nimesema akichukue.

Jumamosi, 13 Julai

Gatuanyaga, kwa mama mkwe. Vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha nyumba, ungo mapajani, anachagua maharagwe. Yale aliyopanda peke yake Machi.

Alikuwa ameshasikia. Nyambura alimwambia alipopita kwake wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula. Hakuzunguka. "Nasikia aliacha barua. Alisema nini?"

Hajui kusoma. Ilibidi niisome mimi. Njia nzima nilikuwa nimepanga kumsomea iliyonyooka, r mahali pa r, mapengo yote yamezibwa. Nikaanza hivyo, "Wanjira mpenzi." Nikasimama. Nikarudi mwanzo nikasoma yaliyoandikwa.

Kufika "Luilu" akainua kichwa, naye akashika Kiswahili cha barua. "Huyo nani? Njoroge haongei hivyo."

"Ni yeye, mama."

"Sio yeye. Mimi nirimzaa. Hiyo sauti hana." Akanitazama. "Nani arimuharibia mdomo?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yote. Nyeri, kitanda, kalamu, nikirara, walimu kumi na wawili, jina alilopewa kiwandani. Sikupunguza. Alikuwa hajui, Njoroge hakumwambia hata mamake. Nilipomaliza hakunitazama. Vidole viliendelea, jiwe huku, harage kule. Nilidhani ataniambia niondoke kwake, na ningeondoka.

Kisha akasema, "Soma."

Nikasoma. Kwenye ile sentensi sikuongeza kitu. Nilisoma kilichopo. Nataka ujue kusamehe. Hakushtuka, hakuona kilichopungua. "Ĩĩ," akaitikia, akaendelea na kazi yake. Nikasoma giza, na chakula, na Nyambura kukua, na mvua ya Machi, na maharagwe. Kwenye maharagwe vidole vyake vilisimama.

Akauliza kama imekwisha.

"Imekwisha, mama."

Kisha akausogeza ungo katikati yetu, na mimi nikavuta kigoda.